Chane Nane, Chane Tisa

Rwamishenye, Bukoba
13 Julai 2024

Bibi yangu Ma Kokubanza,

Shikamoo. Mimi sijambo, shangazi Judica hajambo, ila analalamika mgongo.

Dhumuni la barua hii ni kukuomba unisaidie kazi ya sayansi. Usinijibu kwa simu. Mwalimu Gozbert amesema kila mtu wa darasa la tano achague kiumbe hai kimoja, afuatilie mzunguko wake wa maisha mpaka Novemba, na kila habari iandikwe na iwe na tarehe, kwa sababu maneno ya mdomo si ushahidi. Tarehe 16 Novemba wazazi watakuja kuangalia michoro yetu. Na simu yako yenyewe inashika mtandao ukisimama kwenye ngazi za kanisa tu, halafu unaongea kwa nguvu mpaka mchungaji anajua mambo yetu.

Najibu, ninayekaa naye dawati moja, amechagua kifaranga. Wengine wamechagua maharage kwenye kopo. Mimi nimechagua mgomba wangu wa nyuma ya jiko, ule ambao wewe ulizika kitovu changu kwenye shina lake nilipozaliwa. Darasa limenicheka kwa sababu mgomba uko Kamachumu na mimi niko huku. Najibu anauita mradi wa kuambiwa. Nataka anyamaze.

Niambie urefu wake, unene wake, kama umetoa mkungu, na kama umetoa una chane ngapi. Niambie pia kama ule mche niliokuletea zawadi likizo ya Juni umeshika. Ma Klaudia wa Kagondo alinichagulia mwenyewe kwenye kibanja chake cha migomba. Nakumbuka nilivyouchonga mizizi kwa panga la babu, tukaupanda, halafu tukapunguza machipukizi ya migomba mitano kabla chai haijachemka, wewe umesimama pembeni unanisifia. Mwaka huu sijafurahi siku nyingine kama ile.

Barua nampa Ta Rugaibula akimaliza kushusha ndizi zake sokoni. Amekubali kuwa posta yetu kila Jumamosi.

Mjukuu wako,
Edvina


Kamachumu, Muleba
19 Julai 2024

Mjukuu wangu Edvina,

Marahaba. Barua nimeisoma Jumapili baada ya ibada, na Jumatatu nikaisoma tena. Hilo dhumuni lako limenichekesha. Ulipokuwa unaishi hapa ulikuwa unasema "Bibi, nataka," na tulikuwa tunaelewana vizuri sana.

Sasa andika. Mgomba wako umetoa mkungu. Niliuona Jumanne tarehe 16 nilipokwenda kumwaga majivu. Una chane nane, nimehesabu mara mbili kwa sababu najua utaniuliza kama nimehesabu mara mbili. Urefu wake ni mimi mara mbili, halafu ninyooshe mkono. Unene nimeupima kwa kanga, imezunguka ikabaki pindo la kufungia. Pembeni yuko mtoto wake mmoja na mjukuu mmoja, yale machipukizi tuliyoyaacha.

Ule mche wa Kagondo umekaa kama mgeni asiyependa chakula cha watu. Jani moja limekuwa njano. Utazoea.

Ta Rugaibula amesimama hapo akauangalia mkungu wako, akasema ni ndugu wa migomba yake ya enchoncho. Hajakosea. Alipohamia nyumba yake mpya, wewe ukiwa na miaka minne, nilimpa mche kutoka kwenye shina lako. Mtu hahamii kibanja kipya mikono mitupu, na jirani hamwachi ahamie hivyo.

Nimetuma mkungu mmoja wa kula. Mwambie Najibu kifaranga huwa kinabebwa na mwewe. Mgomba haubebwi.

Bibi yako,
Kokubanza


Rwamishenye
3 Agosti 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na kasinge kwa mkungu, tumeumaliza.

Barua yako imesomwa mbele ya darasa zima. Mwalimu alipofika kwenye kanga alicheka mpaka akavua miwani, lakini akasema kipimo ni kipimo, mradi usibadilishe kanga.

Nimepiga hesabu. Mwalimu anasema tangu mkungu utoke mpaka ukomae ni kama miezi minne. Julai 16 mpaka Novemba 16 ni miezi minne kamili, na hiyo ndiyo siku ya maonyesho. Nitakuja Kamachumu siku moja kabla tuukate pamoja, niingie nao darasani nimeubeba kichwani. Najibu atajua kama ni mradi wa kuambiwa.

Nimejifunza pia kwamba mgomba si mti. Kile tunachokiita shina ni majani yaliyokumbatiana. Unazaa mara moja tu, halafu unakufa, na mtoto wake anachukua nafasi. Majani yakioza yanakuwa udongo, mizizi inanyonya udongo ule, unapanda juu unakuwa ndizi. Mwalimu amechora duara kubwa ubaoni, mishale inazunguka tu.

Nahesabu siku kila asubuhi. Tafadhali andika kila wiki. Siwezi kutulia nisipojua unaendeleaje.

Edvina


Kamachumu
30 Agosti 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu ya sikukuu ya mavuno kanisani. Mzee wa kanisa kama mimi hana muda wa kushika kalamu siku hizi.

Mgomba wako haujambo. Una chane tisa, zimenona. Umerefuka kidogo.

Nimetuma magimbi tena. Ndizi zimepungua kwa sababu ya jua. Usimsumbue Ta Rugaibula kwa maswali, yeye ni mtu wa barabara, hajui mambo ya nyuma ya jiko langu. Soma kwa bidii.

Bibi


Rwamishenye
7 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Nina hasira kidogo. Nimeomba ruhusa kwa shangazi, amesema sawa, ila nisizidishe.

Julai uliandika chane nane na ukasema umehesabu mara mbili. Agosti umeandika chane tisa. Nimemuuliza Mwalimu Gozbert kama chane zinaweza kuongezeka, amesema mkungu ukishafunguka, idadi yake ni ile ile mpaka siku ya kukatwa. Kwa hiyo hukwenda kuhesabu. Tena Jumamosi tatu sasa hatujaona mkungu wako. Umetuma magimbi, viazi vitamu, halafu magimbi. Jua gani hilo, Bibi? Hapa mvua imenyesha wiki nzima.

Jumatano tulifundishwa magonjwa ya mimea. Mwalimu alieleza mnyauko wa migomba. Majani yanakuwa njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, na ukikata shina linatoa usaha wa njano. Unaletwa na mche mgonjwa. Unaletwa pia na panga lililokata mgomba mgonjwa, likakata mzima bila kupitishwa motoni. Dawa yake ni moja tu, kung'oa shina zima, la sivyo kibanja chote kinaisha na cha jirani kinafuata. Nilikuwa naandika haraka haraka. Nilipofika kwenye panga, kalamu ikasimama.

Jana nilimsumbua shangazi mpaka akanipeleka Kagondo. Nyuma ya nyumba ya Ma Klaudia kumebaki mashimo. Waling'oa mwezi Julai. Alipotuona alishika mdomo, akasema alidhani mche aliotupa ulitoka upande mzima.

Bibi, niliuchonga mche ule kwa panga la babu. Halafu tulikata kwenye migomba mitano. Naomba uniambie ukweli. Silali vizuri.

Edvina


Rwamishenye
14 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu simu haifai. Nyumba yangu ni ndogo na mtoto huyu ana masikio makubwa.

Tangu Kagondo hali ndizi. Juzi nimemkuta anaosha kisu changu cha nyanya kwa dawa ya kufulia, mara tatu. Nikimwambia tulia, ananiambia ametulia, huku anazunguka meza. Mwalimu wake ameniita akaniuliza nyumbani kuna nini.

Rugaibula nimembana sokoni, akaangalia pembeni akaanza kusifu bei ya maparachichi. Mama, mimi si mtoto. Kama kibanja kimeingiliwa niambie, maana huna kingine kinachokulisha na mimi mshahara wangu unaujua. Kama unamficha, basi mfiche vizuri. Chane tisa, Mama? Kwa mtoto yule?

Judica


Kamachumu
20 Septemba 2024

Judica mwanangu,

Hii ni yako peke yako. Isome kisha itie motoni.

Kimeingia. Ule mche wa Kagondo ulikufa mwanzoni mwa Agosti, na mwisho wa mwezi migomba yote mitano tuliyoikata siku ile ilikuwa imelegea. Bwana shamba amekuja, nimeng'oa minne mbele yake na nimeichoma. Wa tano ni wa mtoto, na huo nimeshindwa.

Nimeuficha. Nimeuzungushia majani makavu kama nyumba ya kuku, na bwana shamba alipouliza, nikamwambia ule ni mzima, nimeukinga na upepo tu. Akaniamini kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa. Mkungu umeiva ukiwa mdogo, ukipasua ndizi ndani ni kahawia. Kila asubuhi nachukua jembe, nafika pale, narudi nalo. Najua unaweza kula kibanja kizima. Ule mnyauko wa miaka ile ulipomaliza migomba ya mama mkwe wangu, si mimi niliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwafundisha watu kuchoma mapanga? Na bado mkono unakataa. Nilizika kitovu kile mwenyewe, baba yake akiwa machimboni Geita, mvua inanipiga. Nikiung'oa, nitakuwa nimemng'oa yeye hapa. Tayari mmemchukua mjini.

Kitu kimoja nakuomba. Asijue kwamba uliingia kwa mkono wake. Mwambie ni wadudu. Nitaendelea kumwandikia kuwa unaendelea vizuri mpaka maonyesho yake yaishe, halafu nitasema umeanguka kwa upepo.

Mama yako


Rwamishenye
22 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Kwanza naomba msamaha. Jana shangazi alikuwa kazini, Ta Rugaibula akanipa mimi barua yake. Bahasha uliibandika kwa ugali na haikushika. Niliona jina langu, nikasoma yote. Shangazi amenichapa maneno, nimeyapokea.

Nililia sana, hilo nakuambia tu ujue. Sasa nimemaliza kulia na nina jambo la kusema, usikasirike.

Ng'oa, Bibi. Ng'oa na mtoto wake na mjukuu wake, chimba mpaka mzizi wa mwisho, choma. Usingoje maonyesho. Ukiendelea kuuficha kwa ajili yangu, nitakuwa nimeua migomba yako yote, si mitano.

Kuhusu kitovu, nimefikiria usiku na mchana, halafu nikarudi kwenye duara la Mwalimu. Mimi nina miaka kumi na moja. Mgomba unazaa mara moja unakufa. Kwa hiyo ule ambao ulizika kitovu changu pale ulishakufa zamani, nikiwa bado sijui kutembea vizuri. Huu uliopo ni mjukuu wa mjukuu wake. Hujawahi kuulilia hata mmoja katika iliyotangulia, uliikata tukala.

Na kitovu chenyewe kilioza. Kikawa udongo, mizizi ikakinyonya, kikapanda juu kikawa ndizi, na ndizi tukazila mimi na wewe na babu. Kwa hiyo, Bibi, kitovu changu tulishakila. Hakipo pale chini. Kama kipo mahali, kipo kwangu na kipo kwako, na kidogo kwa Ta Rugaibula, maana mikungu ya kwangu ulimpelekea mingi.

Hujaning'oa. Utakuwa umeng'oa mgomba mgonjwa.

Panga la babu lipitishe motoni mpaka usiweze kulishika, na jembe pia. Mwalimu anasema pale pasipandwe mgomba miezi sita. Sihitaji mkungu wa maonyesho. Najibu aseme anachotaka.

Niandikie ukishamaliza, na usiniandikie tisa kama ni nane.

Edvina


Kamachumu
4 Oktoba 2024

Edvina,

Marahaba. Nianze na hasira, halafu tuendelee. Barua ya watu wazima haisomwi na mtoto, hata kama imebandikwa kwa ugali. Ungekuwa hapa ungechota maji wiki nzima. Hiyo imekwisha.

Nilisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilichukia. Nikasema, huyu mtoto anafundishwa nini huko, mpaka anasema tumekula kitovu chake. Mara ya pili nikacheka peke yangu jikoni mpaka machozi. Mara ya tatu nikampelekea Ta Rugaibula akaisoma. Akajishika tumbo, akasema kumbe ndiyo sababu anakuona kama mwanawe. Mara ya nne nilisoma nimeshika jembe.

Nimeung'oa jana, Alhamisi tarehe 3. Nilimwita bwana shamba nikamwambia mbele ya majirani kwamba nilimdanganya. Huyo ndiye niliyemfundisha amri kumi kanisani akiwa mdogo. Akavua shati, tukachimba. Ta Rugaibula alikuja na mtarimbo. Tulichimba shimo la kufika kiunoni, tukatoa mizizi yote, tukachoma. Nililia na sikujificha. Na niliangalia, Edvina. Nilipekua udongo wote kwa vidole. Kitovu hakipo. Ulisema kweli.

Sasa nisikilize vizuri. Unasema umeua migomba kwa mkono wako. Panga lilikuwa langu. Ninayejua habari ya panga na moto ni mimi, wewe ulikuwa hujafundishwa. Moto wa chai ulikuwa unawaka hatua kumi kutoka pale, na mimi nilisimama nakusifia kwa sababu ulikuwa umekuja na nilikuwa na furaha. Mnyauko ulikuwa haujarudi miaka mingi, tukajisahau. Kosa hilo ni la Kokubanza. Usiniibie.

Migomba iliyobaki nimeipitia mmoja mmoja na bwana shamba. Mpaka leo imesimama. Anasema tuiangalie miezi mitatu ndipo tupumue. Basi sipumui bado, lakini nalala.

Kula ndizi.

Bibi


Rwamishenye
17 Novemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Kifaranga cha Najibu kilikuwa kimeshakuwa kuku, na baba yake alimchinja wiki iliyopita kwa ajili ya wageni. Kwa hiyo tulisimama pamoja, yeye ameshika manyoya matatu, mimi nimeshika barua zako. Hakunitania. Alikuwa amelia asubuhi, nilimwona.

Nilichora duara. Chipukizi, mgomba mchanga, mgomba mkubwa, mkungu wa chane nane tarehe 16 Julai. Hapo nikachora majani yaliyolegea, panga, moto, na shimo. Kutoka kwenye shimo sikuchora mshale. Mwalimu Gozbert akaniuliza mbona mzunguko haujafunga. Nikamwambia sikuufunga kwa sababu haujafunga, na mimi siandiki tisa kama ni nane. Wewe tu ndiye ungeelewa. Amenipa sabini. Aliyepata tisini ni mwenye maharage.

Lakini wazazi walikaa kwangu kuliko kwingine. Mama mmoja wa Ijuganyondo aliniuliza panga likae motoni muda gani. Mwingine aliuliza usaha unafananaje, nikamweleza, akaondoka kabla ya soda. Nadhani alikuwa anawahi kibanja chake.

Bibi, sabini haijaniuma. Kinachoniuma ni lile shimo. Nikifunga macho naliona nyuma ya jiko, na nahisi kama sina pa kusimama nikija Krismasi. Najua nilichokuandikia kuhusu kitovu. Najua ni kweli. Lakini bado.

Edvina


Kamachumu
22 Novemba 2024

Edvina wangu,

Marahaba, waitu, mtoto wetu. Hata mimi najua ni kweli, na bado.

Shimo nimelifukia. Nimepanda maharage juu yake, yameota siku ya sita, ukija Krismasi utayakuta yana maua na utasimama hapo hapo, kwenye mstari wa katikati, uyapalilie. Migomba iliyobaki ni mizima. Nimehesabu mara mbili.

Miezi sita inaisha tarehe 3 Aprili. Nimeandika ukutani kwa mkaa, pale juu ya mafiga. Pasaka yako mwakani ni tarehe 20, kwa hiyo utakuwa hapa.

Juzi Ta Rugaibula alikuja jioni akakataa kukaa. Alikuwa amemwita bwana shamba kwenye kibanja chake, wamepita enchoncho zote, zile za kutoka kwenye shina lako, wakakuta hata jani moja halina ugonjwa. Amechagua chipukizi moja na amelifunga kitambaa chekundu ili watoto wake wasilikate. Atalileta Aprili. Nilitaka kumshukuru, akaniambia nisimshukuru, yeye hatoi zawadi, anarudisha.

Basi njoo Pasaka uchore mshale wako. Panga la babu litakuwa motoni tangu asubuhi, na utalishika wewe.

Ila safari hii usiniletee chochote kutoka Kagondo.

Bibi yako,
Kokubanza